Anayenunua lori la jeshi anunue na utaratibu wake

Lori la zamani la jeshi lina sifa moja inayowavutia wafanyabiashara wengi wadogo: watu huamini kuwa halifi. Lina chasisi nene, magurudumu yanayovuta mbele na nyuma, injini isiyo na mambo mengi ya umeme, na tumbo lililo juu ya mashimo na visiki. Kwa mtu anayetoa machungwa katika mashamba ya Muheza, mahindi Handeni au chumvi katika mwambao wa Mkinga na Pangani, gari la namna hiyo huonekana kama jibu la matatizo yote ya usafiri.

Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kilicholiweka lori hilo hai jeshini kwa miaka 20 au 30 si unene wa chuma peke yake. Ni kitabu cha gari, ukaguzi kabla na baada ya safari, na siku maalumu ya kufungua magurudumu na kubadilisha grisi hata kama gari halijalalamika. Lori linapouzwa, chuma huenda kwa mnunuzi lakini utaratibu hubaki kambini.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Nayo huanzia mahali ambapo matajiri wengi wa malori hawapatazami kabisa, yaani ndani ya habu za magurudumu.

Wananchi wa Mkinga na Handeni hawahitaji kuelezwa lori la jeshi lilivyo. Kambi za JKT za Maramba na Mgambo ziko jirani nao. Nje ya nchi, majeshi ya Ulaya yamekuwa yakiuza kwa mnada malori yake ya zamani, kama Bedford za Uingereza na Mercedes-Benz za Ujerumani, na mengi yameishia Afrika yakibeba mazao, magogo, mchanga na watalii.

Historia ya nchi hii inatoa funzo la kutosha kuhusu mashine za vita zinazoletwa shambani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa mradi walinunua mitambo iliyotumika vitani. Hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Mashine hizo zilikuwa na nguvu na zilitisha kwa ukubwa, lakini nyingi zilisimama mapema. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri havikuwapo, na waendeshaji walikuwa wamefundishwa harakaharaka. Mwaka 1951 mradi ulifutwa.

Miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, mambo yalikwenda kinyume. Serikali ilikusanya malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi kusafirisha askari na vifaa. Baada ya vita hivyo, nchi iliingia katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, matairi na vipuri. Mazao yalilala vijijini kwa sababu malori yalikuwa juu ya magogo. Wazee wa mikoani wanakumbuka kwamba njaa ya vipuri inaweza kumfilisi mkulima mwenye mavuno mazuri kabisa.

Kwa hiyo suala la grisi si suala la fundi na mikono yake michafu tu. Ni suala la mkulima ambaye mzigo wake uko juu ya gurudumu hilo.

Kilichomo ndani ya habu

Habu ni kile kikombe cha chuma cha katikati ya gurudumu, kinachozunguka juu ya ncha ya ekseli. Ndani ya habu za malori mengi ya zamani kuna beringi mbili za rola, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Rola zake zimelala mshazari ili zibebe uzito unaotoka juu na msukumo unaotoka ubavuni gari linapokata kona. Nyuma ya beringi ya ndani kuna sili, yaani mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie.

Uzito wote wa gari na mzigo hupita katika rola hizo. Kinachozuia chuma kisilane na chuma ni utando mwembamba wa mafuta yaliyomo ndani ya grisi. Utando huo ukikatika, rola huanza kukwaruza, habu hupata moto, chuma hubadilika rangi kuwa ya bluu, kisha beringi husagika au hukamata. Mwisho wake gurudumu hulegea, na likiachwa hivyo huchomoka likiwa barabarani.

Katika mkoa wa Tanga, grisi ina maadui wawili wakubwa ambao ni nadra kukutana katika mkoa mmoja.

Adui wa kwanza ni maji, na hasa maji ya chumvi. Lori linalopakia katika mashamba ya chumvi, linaloshuka ufukweni kuchukua mchanga au samaki, au linalovuka mto uliojaa wakati wa masika, huzamisha habu zake. Habu iliyotoka safarini ina joto. Ikizamishwa ghafla, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na kama sili imechoka, maji hunyonywa na kuingia. Baada ya hapo grisi hugeuka rangi na kuwa nyeupe kama maziwa, na kutu huanza kazi yake kimyakimya. Ndiyo maana jeshini gari lililovuka maji ya kina kirefu hukaguliwa habu zake kabla ya kurudishwa kazini.

Adui wa pili ni moto wa mlima. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, ni mteremko wa karibu mita 1,000 katika kilometa zisizozidi 35 za kona. Lori lililojaa kabichi, viazi na nyanya hushuka huku breki zikifanya kazi muda mwingi, na joto la dramu ya breki huhamia kwenye habu. Grisi ya bei rahisi ya kalsiamu, ambayo mafundi huitumia kwenye nipo za chasisi, huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 100. Ya lithiamu huyeyuka kwenye karibu nyuzi 180, na ya lithiamu iliyoongezwa nguvu huyeyuka kwenye zaidi ya nyuzi 250.

Grisi iliyoyeyuka haipotei bure. Hupita kwenye sili iliyochakaa na kumwagika juu ya lainingi za breki. Dereva hukanyaga breki katikati ya mteremko wa Soni na kukuta gurudumu moja halishiki. Hapo uzembe wa mwenye gari hugeuka kuwa hatari kwa kila mtu aliye barabarani.

Uzito unaokula beringi

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba uwezo wa lori la jeshi hutajwa kwa kazi ya porini. Bedford MK, ambalo jeshi la Uingereza lilianza kulitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliitwa lori la tani nne. Mfanyabiashara analitazama, anaona ukubwa wake, kisha analipakia tani nane au tisa. Springi zikilalamika, anaongeza jani. Mwili wa gari hunyanyuka tena, naye hudhani tatizo limekwisha. Beringi hazikuongezwa kitu.

Watengenezaji wa beringi wana kanuni ya hesabu inayojulikana duniani kote. Kwa beringi za rola, uzito ukizidishwa mara mbili, umri wake haupungui kwa nusu bali hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Lori lenye takriban tani tano likiwa tupu, likibeba tani nne, hufikisha tani tisa. Likibebeshwa tani tisa, hufikisha 14. Ongezeko hilo, ambalo kwa macho ni kama nusu tu, linatosha kushusha umri wa beringi hadi chini ya robo.

Nchi za Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2016. Sheria hiyo inalinda barabara. Lakini lori la zamani linaweza kupita mizani bila faini na bado likawa limezidisha uwezo wa ekseli zake lenyewe. Mizani ya serikali haiwezi kumlinda tajiri asiyejua gari lake lilitengenezwa kubeba nini.

Kazi ya nusu siku

Huduma ya habu haihitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka nje. Fundi mwenye uzoefu na msaidizi mmoja wanaweza kumaliza ekseli moja kwa nusu siku. Kinachohitajika ni subira na usafi, vitu viwili ambavyo haviuzwi dukani.

Gari liwekwe mahali tambarare na magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe. Likishanyanyuliwa kwa jeki, lilazwe juu ya stendi au magogo imara, kwa sababu jeki peke yake imeua mafundi. Kabla ya kufungua, gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, kisha lizungushwe kwa mkono. Mlio kama wa mchanga unaosagwa ni taarifa ya kutosha.

Habu ikishatoka, grisi yote ya zamani iondolewe na beringi zioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli, kisha zikaushwe. Zisizungushwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa huzunguka kwa kasi zikiwa kavu na zinaweza kujeruhi. Rola yenye vishimo, mikwaruzo au rangi ya bluu haifai tena, na beringi mpya iwekwe pamoja na kikombe chake kipya. Kuweka rola mpya katika kikombe cha zamani ni kutupa fedha.

Grisi hujazwa kwa kiganja. Beringi hukandamizwa juu ya grisi upande wake mpana mpaka grisi itokee upande wa pili katikati ya rola. Kupaka kwa juu kama siagi kwenye mkate hakusaidii kitu. Nafasi iliyo ndani ya habu ijazwe theluthi hadi nusu tu. Wapo wanaoijaza habu mpaka pomoni wakidhani wanaitendea wema, kumbe grisi iliyozidi hukorogwa, hupata joto na kusukuma sili. Aidha, grisi za aina mbili tofauti zisichanganywe, kwani zinaweza kulainika na kutiririka kama uji.

Sili iwe mpya kila habu inapofunguliwa. Nati ya beringi ikazwe huku habu ikizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha irudishwe nyuma kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kufungwa kwa pini mpya au washa yake ya kufungia. Nati iliyobana sana huunguza beringi, na iliyolegea sana huiponda.

Baada ya kilometa 10 au 20, dereva asimame na kukaribisha mgongo wa mkono kwenye kila habu. Vuguvugu ni kawaida. Habu moja iliyo moto kuliko wenzake inasema kitu, na safari isiendelee kabla haijasikilizwa.

Fundi azingatie pia kwamba si kila habu ni ya grisi. Unimog la Mercedes-Benz, kwa mfano, lina gia ndani ya habu zake na hutumia mafuta ya gia. Katika ekseli za nyuma za malori mengi, sili ikichoka, mafuta ya difu huingia kwenye habu na kuiosha grisi yote. Ndiyo sababu lazima atafutwe mtu mwenye kulijua gari lenyewe, na kitabu chake kipatikane kwa gharama yoyote ya haki.

Hoja za wanaokataa

Wapo wanaosema kuwa gari linalotembea halifunguliwi. Hoja yao si ya kijinga. Wameona habu nzima ikifunguliwa na fundi mchafu, mchanga ukaingia, sili ikachanika, na gari likarudi barabarani likiwa bovu kuliko lilivyokuja. Lakini dawa ya fundi mchafu ni kutafuta fundi msafi. Kuiacha habu mpaka ijifungue yenyewe katikati ya Korogwe na Mombo hakumponyi mtu.

Wengine husema vipuri vya malori hayo vimekwisha, kwa kuwa biashara ya malori ya Bedford iliuzwa mwaka 1987. Kwa injini na gia hoja hiyo ina uzito. Kwa beringi haina. Beringi huwa na namba zilizochongwa kwenye chuma chake, na namba hizo hutumiwa na viwanda mbalimbali duniani. Duka la beringi halihitaji kujua gari ni la jeshi au la maziwa; linahitaji namba. Sili nayo hupatikana kwa vipimo vitatu: upana wa tundu la ndani, upana wa nje na unene. Pakistan ina Bedford za miaka mingi, maarufu kwa michoro yake ya rangi, na mafundi wa huko hawakusubiri kiwanda cha Uingereza kifufuke.

Tahadhari iliyopo ni ya bidhaa bandia. Beringi yenye jina kubwa na bei ya karanga inapaswa kumtia shaka mnunuzi. Adai risiti, alinganishe namba ya kwenye boksi na ya kwenye chuma, na akihisi ameuziwa bandia apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi zake ni pamoja na kupambana na bidhaa za namna hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo ni fedha. Tajiri mwenye lori moja anasema faida ya safari haitoshi kulisimamisha gari siku nzima. Hapa tatizo si grisi, ni nauli. Nauli iliyopangwa kwa kuhesabu dizeli, dereva na utingo peke yake ni nauli ya uongo. Lori linalokwenda kilometa 150 kwa siku, siku nne kwa wiki, hutembea karibu kilometa 30,000 kwa mwaka. Grisi, sili na siku za kusimama gereji ni sehemu ya kila moja ya kilometa hizo, kama ilivyo dizeli. Asiyezihesabu leo atazilipa siku moja kwa mkupuo, pamoja na ekseli iliyokatika na mzigo uliooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kalenda ya pwani

Mwaka wa Tanga unajipanga wenyewe. Mvua za masika huanza Machi na kumalizika Mei, na msimu mkubwa wa machungwa hufuata. Hii ina maana kwamba malori hutoka kwenye matope na mito iliyojaa, kisha huingia moja kwa moja katika kazi nzito kuliko zote za mwaka. Habu zifunguliwe wakati huo wa katikati, kabla chungwa la kwanza halijapakiwa. Huduma ya pili ifanyike baada ya vuli, Desemba au Januari. Lori lililozamisha habu lisisubiri kalenda.

Wakulima nao wana nguvu ambayo hawajaitumia. Kikundi au chama cha ushirika kinachokodi lori kwa msimu mzima kina haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa malipo ya kwanza: habu zilifunguliwa lini, nani alizifungua, na gari lina uwezo wa tani ngapi kwa mujibu wa kitabu chake. Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Chungwa lililolala siku mbili juani kando ya barabara hulipwa na mkulima, iwe kwa bei kushuka au kwa kutolipwa kabisa. Mwenye kubeba hasara asione haya kuuliza.

Vyombo vya umma vilivyopo vinatosha kusaidia bila kuunda kingine. VETA ina chuo Tanga, SIDO ina ofisi mkoani, na Shirika la Nyumbu la Kibaha, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, lina wataalamu wanaoyafahamu magari ya aina hii. Vitabu vya malori haya vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, na fundi wa Muheza au Maramba hujifunza kwa kusikia. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, inayoonyesha jinsi ya kufungua, kusafisha, kujaza na kukaza habu, inaweza kubandikwa katika kila gereji. Na jeshi linapouza gari kwa mnada, litoe pamoja nalo nakala ya utaratibu wa matunzo, kama lilivyolitunza lenyewe.

Hata hivyo, hakuna karatasi itakayomsaidia tajiri asiyetaka kuandika. Daftari la shule linatosha: tarehe, kilometa, gurudumu lililofunguliwa, namba ya beringi, jina la fundi. Daftari hilo likikaa ndani ya gari, dereva mpya atajua alichokikuta, mnunuzi wa baadaye atajua anachonunua, na mkulima atajua mzigo wake anaukabidhi kwa nani.

Masika yajayo yatayakuta malori mengi ya zamani bado yako barabarani, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuyaendesha kama kwamba jeshi bado linayatunza.